Tusiezeke Kanisa kwa Risasi ya Baharini



Tuliahidi kuendelea na mafundisho juu ya Sakramenti ya Upatanisho, nasi tunaomba radhi kwamba ahadi hiyo tunaiweka kando kwa juma moja. Sababu yake ni jambo lililozuka katika kikao cha Halmashauri ya Walei Jumanne jioni, ambalo limekwisha kutoka nje ya ukumbi wa parokia na kufika sokoni na ufukweni, huku kila mdomo ukiliongezea chumvi yake. Ni afadhali mlisikie kutoka kwetu.

Mnakumbuka kwamba vijana wetu wa VIWAWA, wakisaidiwa na akina mama wa WAWATA, walijitolea Jumamosi mbili kusafisha ufukwe, kuanzia mnada wa samaki hadi mlango wa mto. Walichagua siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha wazi matope ambayo siku nyingine huwa hayaonekani. Walitarajia kuokota chupa za plastiki, vipande vya nyavu na kandambili zilizokatika, navyo waliviokota vya kutosha. Lakini pale zinapotia nanga mashua za dagaa walikuta kitu kingine. Walikuta betri. Betri za gari na za pikipiki zilizozama nusu katika tope, maganda yakiwa yamepasuka na mabamba ya ndani yakichungulia kama mbavu za mnyama aliyekufa zamani. Na betri ndogo za tochi, zile ambazo wengine huziita mawe, zilitapakaa kila mahali, zimevimba, zimeota kutu, zikitoa uji mweusi zikikanyagwa. Wapiga mbizi wawili, wazoefu wa pweza, walishuka katika mkondo wenyewe na kupandisha nyingine. Jumla yake ni betri kubwa 19 na magunia mawili ya betri ndogo. Zote zimo katika stoo iliyo nyuma ya nyumba ya mapadre.

Siku ya tatu alikuja mnunuzi. Alikuja na mizani yake, akasema atachukua betri kubwa zote kwa kilo, fedha taslimu, bila maswali. Tukamwuliza anazipeleka wapi. Akajibu kwamba kuna watu wanaoyeyusha. Wapi? Huko bara, na mara nyingine ng'ambo ya mpaka. Kwa kibali gani? Hapo akacheka. Tukamwomba achukue pia magunia ya betri ndogo, akasema hizo hazina soko, tukazitupe.

Katika kikao cha Jumanne, baadhi ya wajumbe walipendekeza tuuze, na fedha itakayopatikana inunue mabati ya kigango chetu kinachovuja. Sisi tulikataa. Maneno yakawa mengi. Mjumbe mmoja, mzee wetu tunayemheshimu sana, alisema kwamba Paroko amekuwa mkaidi, na kwamba kazi ya Kanisa ni roho, si vyuma chakavu. Tunaandika ili kumjibu yeye, na kuwajibu wote wanaoamini kama yeye, kwa heshima lakini bila kulegeza neno.

Tuanze na hilo la roho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415, inaweka wajibu wa kuheshimu uumbaji chini ya amri ya saba, ndiyo amri inayokataza wizi. Tafadhali litazameni vizuri jambo hili. Kanisa halikuliweka suala la viumbe katika orodha ya mambo ya hiari, pamoja na kupanda maua kuzunguka grotto. Limeliweka mahali tunapofundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kwamba kuchukua kisicho chako ni dhambi. Hayati Papa Fransisko alipotoa waraka wake Laudato Si' mwaka 2015, hakuwa akizua dini mpya, ingawa wako waliosema hivyo. Alikuwa akiikuza hoja iliyokwisha kuwapo. Anayetupa sumu katika maji wanamokula wengine amewaibia, na hata asipojulikana kwa jina, deni la kurudisha liko palepale. Hapa ndipo tafakari hii inapokutana na ile tuliyoiahirisha, kwa maana hakuna malipizi ya wizi yasiyogusa kile kilichoibwa.

Ipo hoja ya pili, nayo husemwa kwa kujiamini sana na watu waliozaliwa kando ya bahari: bahari ni kubwa, haijai, hula kila kitu. Fundi mmoja wa magari, muumini wetu, aliiboresha hoja hii kikaoni kwa elimu yake. Alisema kwamba maji ya betri ni asidi, na maji ya bahari huiua asidi, kwa hiyo betri iliyopasukia baharini haina madhara tena. Tunampongeza, kwa sababu nusu ya kwanza ni kweli. Maji ya bahari yana uwezo wa kuipoza asidi ya salfuriki, na asidi iliyomwagika katika mkondo mpana haitadumu. Lakini asidi siyo mzigo mkuu wa betri ya gari. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi, na risasi ni elementi: haiozi, haiungui ikaisha, haigeuki kuwa kitu kingine. Yaweza kubadili umbo, ikawa unga mweupe au tope la kijivu, lakini inabaki risasi. Inazama pale ilipo, inachanganyika na matope, na katika matope hayo ndimo wanamoishi chaza na kome, viumbe wanaochuja maji siku nzima ili wapate chakula chao. Na ni nani anayeokota chaza na kombe maji yakipwa? Ni akina mama zetu, pamoja na watoto waliotoka shuleni. Bahari haikula kitu, bali ilikitunza.

Betri ndogo zina habari yake. Ganda la ndani la betri ya tochi ya kawaida ni zinki, katikati yake kuna kijiti cha kaboni, na ule unga mweusi ni manganizi. Chumvi ya bahari huharakisha kutu, na ganda hutoboka upesi. Miaka mingi viwanda viliongeza pia zebaki kidogo ndani ya betri hizi ili zisitoe gesi na kuvuja. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje betri nyingi zenye zebaki, isipokuwa aina chache za vidonge. Lakini betri iliyozama kabla ya mkataba haisomi mikataba. Kuna na zile za kuchajiwa zenye kadimiamu, ambayo ni mbaya kwa figo na mifupa. Tukiri jambo moja hapa: sisi wenyewe, tukiwa shule ya msingi, tulipondaponda betri kuukuu ili kupata ule unga wa kupakia ubao mweusi, tukarudi nyumbani mikono myeusi tukiwa na furaha, tukala ugali. Hakuna aliyetukataza, kwa kuwa hakuna aliyejua. Vilevile mnajua kwamba nyumba nyingi hutupa betri ndani ya choo cha shimo, kwa imani kwamba zinapunguza ujazo wake. Huku pwani kisima na choo hunywa maji ya chini yaleyale. Imani hiyo tuiache.

Hatuandiki ili kumhukumu mvuvi. Hili tunalisema kwa sauti, maana tumesikia kwamba baadhi ya wamiliki wa mashua wamechukia. Zamani dagaa walivuliwa kwa karabai, na karabai ilikula mafuta ya taa ambayo bei yake ilimeza faida ya usiku mzima, mbali na kioo kupasuka na mafuta kumwagika majini. Taa za LED zenye betri zilipokuja, kuanzia maziwa makuu hadi huku kwetu, zilikuwa neema kwa mvuvi. Nani atamlaumu kwa kuipokea? Swali ni jingine kabisa: aliyemwuzia betri mpya alimwambia aifanyie nini ile kuukuu? Alikubali kuipokea? Baharia aliye katikati ya maji saa tisa usiku, taa imezimika, dagaa wanatawanyika, ataitupa ile iliyokufa na kuunga iliyo hai. Ukimpa sababu ya kuirudisha pwani, atairudisha. Tunawajua wavuvi wetu, hawatupi kitu chenye thamani.

Na wala asidhani mtu kwamba tabia hii ni ya maskini wasiosoma. Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani, chenye meli, wahandisi na bajeti ambayo sisi hatuwezi hata kuiwaza, kilifanya hivyohivyo kwa miaka mingi. Kikosi hicho ndicho kinachotunza taa na maboya ya kuongozea vyombo katika maji ya nchi ile. Kabla ya mitambo ya jua kuenea, taa hizo ziliwashwa kwa betri, na kila mabaharia walipokwenda kubadilisha betri, zile za zamani mara nyingi ziliachwa pale chini ya nguzo au kusukumwa majini. Ni kazi ya dakika moja. Katika miaka ya 1990 jambo hilo lilipofahamika kwa umma, Kikosi kililazimika kurudi kwenye vituo vyake, kituo kwa kituo, na kuteremsha wapiga mbizi kutafuta na kuokota kile ambacho mikono ya mabaharia wake ilikiangusha. Walihesabu, waliandika, waliweka katika vyombo visivyovuja, wakasafirisha kwa taratibu za taka za hatari. Tunapenda kuutaja mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, aliyeangusha ndiye aliyeokota, na kwa gharama yake mwenyewe. Pili, kazi haikuhesabiwa kwamba imekwisha betri ilipotoka majini. Ilihesabiwa kwamba imekwisha ilipofika mahali salama.

Sababu hii ya pili ndiyo kiini cha ugomvi wetu wa Jumanne, ndugu zangu. Wajumbe wanasema: tumekwisha kuitoa sumu baharini, kazi yetu imekwisha, sasa tupate na mabati. Sisi tunasema kwamba mpaka sasa hatujaondoa kitu. Tumehamisha tu. Betri ile ikitoka mikononi mwetu kwenda kwa mtu anayeiyeyusha uani kwake, tutakuwa tumeichukua sumu kutoka tope la chaza na kuipeleka katika pafu la mtoto.

Twendeni Mombasa kidogo. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, eneo la Mikindani, kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kilianza kazi mwaka 2007. Ukuta wa kiwanda uligusana na nyumba za wakazi wapatao 3,000. Moshi ulitua juu ya mabati na nguo zilizoanikwa, na maji machafu yalipita kwenye mifereji ambamo watoto walicheza. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo, Phyllis Omido, alimnyonyesha mwanawe mchanga. Mtoto akaugua homa isiyoelezeka, hospitali zikatafuta malaria na homa ya matumbo, mwishowe damu yake ikapimwa na ikakutwa na risasi. Aliipata katika maziwa ya mama yake. Mama huyo hakunyamaza, alikamatwa, alitishwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo wa fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hesabuni miaka: tangu kiwanda kilipowashwa hadi neno la mwisho la majaji ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekaribia utu uzima.

Sasa jiulizeni malighafi ya viwanda vya namna hiyo inatoka wapi. Haitoki mbinguni. Inatoka kwa watu wa heshima, wenye mizani na magunia, wanaonunua kwa watu wengine wa heshima ambao nao wana shida ya mabati.

Na uyeyushaji wa uani ni mbaya kuliko wa kiwandani. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha pwani ya Dakar nchini Senegali, watu wa kawaida walikuwa wakivunja betri kuukuu kwa miaka mingi, na mchanga wa mahali pale ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, akina mama walianza kuuchekecha mchanga huo ili kupata vipande vya kuuza, wakaubeba kwa mifuko mpaka majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18, na Shirika la Afya Duniani lilipokwenda kuchunguza mwaka 2008 lilikuta watoto wengine na wazazi wao wakiwa na risasi nyingi mno katika damu. Hapakuwa na bepari mwenye tumbo kubwa pale uani. Palikuwa na mama anayetafuta fedha ya mboga, na mtoto mchanga mgongoni.

Tuongeze neno juu ya kile risasi inachokifanya, kwa kuwa mjumbe mmoja alisema kwamba yeye ameyeyusha risasi tangu ujana wake na bado ana nguvu. Ni kweli kwamba wavuvi wengi hapa huvunja betri na kuyeyusha mabamba yake katika sufuria kuukuu ili kutengeneza chubwi za mishipi na vizito vya nyavu, na watoto hukaa kuuzunguka moto huo wakitazama jinsi chuma kinavyong'aa kama maji. Mzee akiwa na nguvu, tunamshukuru Mungu. Lakini tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Haui upesi, mdudu huyu. Humfanya mtoto awe mzito wa kuelewa, mwepesi wa hasira, asiyetulia darasani, na mwalimu humchapa akidhani ni mtundu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Tena risasi hujificha katika mifupa kama kalisi, ikakaa humo miaka, na mwanamke akipata mimba mifupa huitoa pamoja na chakula cha mtoto. Msichana anayekaa leo kando ya sufuria ile anaweza kumpa sumu mtoto ambaye bado miaka kumi kuzaliwa. Lugha yetu imeipa madini hii jina moja na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki, na tofauti iko katika mwendo tu.

Kwa hiyo, wapendwa, swali la Jumanne halikuwa swali la vyuma chakavu. Lilikuwa swali la fedha gani inastahili kuingia katika hazina ya Kanisa. Injili ya Mathayo inasimulia kwamba Yuda aliporudisha vile vipande 30, makuhani wakuu walikataa kuvitia katika hazina ya hekalu kwa kuwa ni bei ya damu, wakanunua shamba la mfinyanzi. Nasi huwacheka makuhani wale kila Ijumaa Kuu kwa unafiki wao, kwa maana ni wao wenyewe waliozitoa. Walakini hata wao, pamoja na unafiki wao wote, walijua kwamba kuna fedha isiyoingia hekaluni. Tutakuwa chini yao?

Mjumbe mwingine aliuliza kwa kejeli, na ukumbi ukacheka, kama basi tuzirudishe baharini. Hapana. Lakini kejeli yake ina swali la haki ndani yake, na hatutalikwepa. Ukweli ni kwamba kukusanya ni sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kupata mtu anayepokea kwa njia halali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, taka za hatari si bidhaa ya kubebwa na yeyote mwenye toroli. Kuna vibali vya kuzikusanya, kuzisafirisha na kuzichakata. Betri ya gari kwa kweli ni kitu kinachoweza kurejelezwa vizuri sana: risasi yake hutengenezwa betri mpya, na ganda lake la plastiki husagwa na kutumika tena, endapo tanuri lina vichujio na wafanyakazi wana kinga na vipimo vya damu. Kwa hiyo tumewaandikia Halmashauri ya mji na ofisi ya NEMC ya kanda, tukiwaomba watuelekeze kwa mpokeaji mwenye kibali. Kama atatulipa, tutapokea fedha yake kwa mikono miwili na kununua mabati. Kama hatatulipa, tutampa bure. Kama itatupasa kuchangia usafiri, tutachangia.

Hapo najua mioyo ya wengi inalalamika: tulipe ili kuondoa uchafu wa wengine? Ndiyo, kwa sasa. Na hapohapo tudai kwamba isiwe hivyo daima. Haiwezekani mwagizaji wa betri alete shehena nzima bandarini, achukue faida yake, kisha mwisho wa betri uwe mzigo wa akina mama wa WAWATA wenye ndoo na mabeseni. Mwuzaji anayepokea chupa tupu za soda na kurudisha rehani yake anaweza vilevile kupokea betri kuukuu. Mvuvi akiweka rehani anaponunua, naye akarudishiwa akileta ile iliyokufa, tutashangaa jinsi betri zitakavyoacha kuota katika matope. Wako waumini wetu wenye maduka ya vifaa vya magari na ya sola. Tunawaona Misa ya kwanza kila Dominika. Waanze wao, na wasitusubiri sisi tupeleke majina mezani.

Tazameni pia lile jambo la magunia mawili ambayo mnunuzi aliyakataa. Wako wanaofundisha kwamba soko huru litasafisha dunia, kwamba uchafu ukipewa bei utatoweka wenyewe. Hapa soko lilikuja mpaka mlangoni petu, likachagua kilo zake za risasi, likatuambia kingine chote tukatupe. Zinki, manganizi, kadimiamu, zebaki ya zamani: hayo hayana mteja hapa kwetu, kwa hiyo kwa mujibu wa mizani ile hayapo. Betri zenye lithiamu, za simu na za taa mpya, nazo hazimvutii, ingawa zikitobolewa au zikigandamizwa huweza kuwaka moto. Hatuna jibu la haraka kwa magunia haya. Tumeyamimina katika mapipa ya plastiki yenye vifuniko, mahali pakavu pasipo jua, zile za simu zikiwa peke yake na ncha zake zimefunikwa kwa utepe. Yatakaa hapo hadi apatikane mtu wa kuyapokea, hata kama ni baada ya sisi kuhamishwa parokia. Atakayetupokea kazi atakabidhiwa pamoja na vitabu vya ubatizo.

Tuseme na neno moja juu ya picha. Kila mara kunapofanyika usafi wa fukwe hapa, huja wageni na fulana zenye maandishi, hupiga picha wakiwa na mifuko, na hotuba husomwa. Hatuna ugomvi na fulana. Lakini safari iliyopita mifuko yote, pamoja na betri zilizokuwamo, ilipelekwa dampo na kuchomwa moto, na moshi ule uliwafikia watu wanaoishi kando ya dampo, ambao hawakuwamo katika picha. Usafi wa namna ile ni afadhali usifanyike.

Jumamosi ijayo maji yatakupwa tena vizuri, na vijana watarudi katika mkondo. Anayekuja avae viatu vigumu na glovu za mpira. Betri iliyopasuka isibebwe kwa mkono wala kuinamishwa: iingizwe beseni chini yake, ipandishwe polepole, iwekwe wima. Ile iliyokwisha kushikwa na matumbawe isigongwe wala kung'olewa, wapiga mbizi waweke alama tu, tutauliza wataalamu. Watoto wa Utoto Mtakatifu waokote chupa juu kwenye mchanga mkavu, wasishuke matopeni. Na mama mjamzito, hata akiwa na bidii kama ya Martha, tafadhali abaki na kusali Rozari pamoja na wazee kivulini.

Yule mnunuzi amepiga simu mara mbili tangu Jumanne, na mara ya pili ameongeza bei. Ufunguo wa stoo tumeukabidhi kwa mwenyekiti wa WAWATA, ambaye mnamfahamu. Barua zetu mbili bado hazijajibiwa. Kigango kinahitaji mabati 24, na mpaka leo tunayo 9. Mvua za vuli zikitangulia, Misa itaadhimishwa chini ya mwembe, kama mwaka jana.

Dominika njema.
Paroko wenu